Bosi Aota Jino Mbele ya Kipaza Sauti

Kama hujawahi kupigishwa magoti na mtu asiye na jino hata moja, hujaitwa mzazi bado. Dobi alikuwa amepigishwa magoti wiki nzima. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi kwa kuwa akiita wote wanakimbia, alikuwa karibu kuota jino, na alishaamua kwamba shughuli kubwa kama hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Udenda ulimtiririka kama bomba lililokufa koki. Alitafuna kila kilichomsogelea: ukosi wa baba, kamba ya aproni ya shangazi, mpini wa burashi. Siku moja mteja aliinama kumsalimia, akaondoka ameshika sikio.

"Dobi," alisema yule bwana, "mtoto wako meno hana, lakini nia anayo."

Mama yake Bosi alikuwa fundi umeme, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Mtoto mchanga hapandishwi ngazi kwenye nguzo ya umeme, kwa hiyo mchana kutwa Bosi alishinda dukani kwa baba yake: chumba kirefu, mbele kaunta, katikati meza ya pasi, nyuma mashine mbili za kufulia. Mashine moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na tabia ya kutembea kila ikianza kukamua, na isipokaliwa ingetoka mlangoni na nguo za watu. Mkaliaji wake rasmi alikuwa dada mkubwa wa Dobi, mpiga pasi hodari, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Akikaa pale juu na Bosi mapajani, wote wawili wakitetemeka kuanzia visigino hadi mashavu, mtoto alinyamaza akacheka. Mashine ikisimama, kilio kiliendelea palepale kilipoachwa, kama mgeni rasmi aliyekatiziwa hotuba.

Sasa, Dobi alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kusema hapana. Ukimletea mapazia ya ukumbi mzima wakati anafunga duka, anasema ndiyo. Ukimwambia doa hili la kutu lazima litoke leo, anasema ndiyo, kisha anakesha na ndimu na chumvi. Si kwamba alikuwa mjinga. Yeye na dada yake walikulia milangoni kwa watu, wakifua nguo za wengine kabla hawajawa na za kwao, na aliyelelewa milangoni kwa watu hujifunza "ndiyo" kabla ya kujifunza kutembea. "Hapana" ni neno la wenye nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, Mama Mkwe alipoingia dukani na mfuko wake wa nguo. Mama Mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu kazi, ukuu alibaki nao.

"Shikamoo, mama," alisema Dobi, akiwa na Bosi begani, na shati limelowa udenda hadi kiunoni.

"Marahaba. Huyo analia nini?"

"Meno, mama."

"Meno! Mimi nimelea watano, hakuna aliyelia hivi. Tazama mwenyewe mahali penyewe. Joto, mvuke, na huyu shangazi yake anamtikisa kama chupa ya dawa."

"Mama," alijibu Shangazi kutoka juu ya mashine, sauti ikitetemeka, "chupa zenyewe zimeandikwa tikisa kabla ya kutumia."

Mama Mkwe hakucheka. "Jumamosi nina mkutano mkuu wa kinamama, na mwenyekiti ni mimi. Nikitoka huko napita hapa. Nikikuta bado mnahangaika hivi, nambeba mjukuu wangu. Atakaa kwangu mpaka amalize meno yote, arudi hapa kwa miguu yake. Sawa?"

"Ndiyo, mama," alisema Dobi.

Ndiyo! Alisema ndiyo! Jioni mke wake alivua mkanda wa vifaa kiunoni, akauweka mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho asingependa kumrushia mtu.

"Umesema nini?"

"Nimesema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Aliuliza 'sawa'."

"Baba Bosi, unajua kwa mama ni mbali? Tutakuwa tunamwona mtoto wetu Jumapili kwa Jumapili, kama mgonjwa wodini!"

"Basi kataa wewe. Ni mama yako."

"Mimi nikikataa anasema ni ule ukaidi wangu wa utotoni. Nimemkatalia tangu nina miaka miwili, ameshazoea, ni kama mvua kwenye bati. Wewe hujawahi. Wewe ukikataa atasikia." Akamchukua Bosi, akambusu kwenye shavu lililolowa. "Kati ya leo na Jumamosi tafuta hiyo hapana ulipoiweka."

Dobi aliitafuta. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha duka, akafika "ha", akakwama. Mteja akapita akadhani anaitwa.

Lakini kama hapana haipo, angalau kilio kingeweza kupunguzwa. Jumanne alikuja mteja mmoja daktari wa meno kuchukua makoti yake meupe, mwanamama mwembamba mcheshi, na Dobi akamrukia kabla hajafika kaunta.

"Daktari, nisaidie. Huyu hapa."

Daktari alinawa mikono kwenye sinki la nyuma, akapitisha kidole kwenye fizi za Bosi. Bosi akakiuma kidole, akakifumbia macho kwa raha.

"Mimi ni daktari wa meno, na huyu hana hata moja," alisema. "Si mgonjwa wangu bado. Ila amekaribia, pale chini mbele pamevimba. Unampa nini?"

"Kila kitu."

"Basi mpunguzie. Kitambaa safi, kilowe, kikae kwenye friji kipoe, ukimpa atafune. Kipoe tu, kisigande kuwa barafu. Au kidole safi, umsugue ufizi taratibu, kama nilivyofanya. Usimpake zile dawa za kutia ganzi. Usimfunge shanga shingoni. Na asali usimpe kabisa, hajafika mwaka, ni hatari kwake. Akipata homa kali, usiseme ni meno, mpeleke hospitali."

"Na jino likitoka?"

"Siku hiyo hiyo anaanza mswaki. Mswaki laini wa mtoto, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Chupa ya kitu kitamu kitandani, hapana. Ukifanya hivyo nitamwona kabla hajafika mwaka, tutasalimiana, tutaagana, sitamshikia koleo."

"Jino moja, mswaki?"

"Dobi, wewe shati likiwa na doa moja unalirudisha bila kufua?"

Hapo Dobi akaelewa moja kwa moja. Hakuna haja ya kumfundisha dobi zaidi ya hapo.

Jioni ile alichukua shuka kuukuu, nyeupe, laini kwa kufuliwa, akakata vitambaa vya mraba, akavipinda pindo. Na kwa sababu baba akishapata kazi ya kufanya hajui pa kuishia, kimoja alikitarizi simba katikati, mdomo wazi, ili Bosi apate mwenzake wa kunguruma. Uzi wa njano ukaisha njiani, akamalizia na kijani. Ilipofika asubuhi, kila aliyekiona aliuliza kwa nini amemchora chura.

"Ni simba," alisema Dobi.

"Simba wa bwawani," alisema Shangazi.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Pale dukani nguo haikai bila alama. Shangazi hushona nukta ya uzi kwenye pindo, kila nyumba na rangi yake: ya daktari ni bluu, na ya Mama Mkwe ni nyekundu, kwa heshima ya kalamu aliyosahihishia watoto wa watu maisha yake yote. Shangazi alipovikuta vitambaa vya Bosi vimelala havina alama, mkono ulijiendea wenyewe. Bosi ni mjukuu wa Mama Mkwe. Familia moja, nyumba moja, uzi mmoja. Akavitia vyote uzi mwekundu. Mtu mwingine yeyote duniani angeviacha vitambaa vya mtoto kama vilivyo.

Na katika mfuko wa Mama Mkwe, pamoja na gauni la mkutano, mlikuwa na nini? Vitambaa vyeupe vya mkononi. Mama Mkwe hajawahi kuhutubia bila kitambaa cheupe. Akisema jambo zito hujifuta paji la uso. Akisema jambo chungu hujifuta jicho. Watu wakisinzia, hukipiga hewani kikalia pa!

Vitambaa vya kwenye friji vilifanya kazi ajabu. Bosi alitafuna, akanguruma, akalala. Jumatano alilia kidogo, Alhamisi kidogo zaidi ya kidogo, Ijumaa alilia mara moja tu, kisha akacheka kutwa na kumpiga chenga shangazi yake kwa makalio. Dobi alianza kutembea kwa madaha. Jumamosi asubuhi alikuwa anapiga mluzi, nguo za Mama Mkwe zimeshachukuliwa na katibu wa kinamama, mtoto ametulia sakafuni kwenye mkeka na kitambaa chake kinywani. Dobi akainama kumpangusa kidevu. Akaona pindo la lesi.

Akainuka. Akainama tena. Lesi ilikuwa bado ipo.

"Dada," aliita, "mimi sikushona lesi."

"Lesi gani?"

"Hii anayoitafuna."

Shangazi aliacha pasi wima, akaja, akatazama. Walitazama pamoja, vichwa vimegusana, kama wanaosoma barua ya serikali.

"Jana alianza kulia ghafla," alisema Dobi kwa sauti ndogo. "Nikachukua kitambaa cha juu kwenye rundo. Cheupe, uzi mwekundu. Nikakilowesha, nikakitia kwenye friji."

"Rundo la meza ya pasi? Hilo lilikuwa la mama mkwe wako!"

"Basi si wamempelekea kimepungua kimoja?"

"Kimepungua?" Shangazi alijibu kwa fahari iliyochelewa kuondoka. "Mimi nipunguze mzigo wa mteja? Nilikitafuta, nikakikuta kwenye kamba, cheupe, uzi mwekundu, nikakipiga pasi, nikakikunja, nikakiweka juu kabisa."

"Kilikuwa na simba?"

"Simba sijaona. Nilikipigia pasi kwa nyuma, si nguo ya tarizi hupigiwa kwa nyuma? Niliona nyuzi nyuzi za kijani, nikasema, mama kaanza urembo uzeeni, mimi ni nani nimzuie."

"Chura!" alipiga kelele Dobi, na huo ulikuwa mwisho wa simba. "Dada, atasimama mbele ya kinamama wote na chura!"

Mtu mwenye akili za kawaida angejifungia ndani asubiri. Lakini Dobi aliona wazi yatakayofuata. Mama Mkwe atakifungua kitambaa mbele ya mkutano, atachekwa, atatoka pale moja kwa moja kuja dukani, na hata akimkuta Bosi anatabasamu kama mwezi, atasema: nyumba isiyojua kutofautisha kitambaa cha bibi na cha mtoto haiwezi kulea. Na yeye, Dobi, atajibu ndiyo, mama.

Akamnyakua Bosi na kitambaa chake cha lesi, akatoka mbio. Shangazi alitaka kumfuata, lakini ile mashine ya pili ilikuwa imeanza kukamua, na tayari ilikuwa nusu njia ya mlango.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kinamama safu kwa safu, mapangaboi darini yakizungusha joto lilelile, na mbele kabisa, jukwaani, nyuma ya meza yenye kitambaa cha mezani na chupa kubwa ya asali, zawadi ya mzungumzaji, alisimama Mama Mkwe mbele ya kipaza sauti. Vitambaa vyake vilikuwa juu ya meza, vimekunjwa vizuri. Cha juu kabisa hakijafunguliwa.

"Malezi, kinamama," alikuwa akisema, "si mchezo!"

Dobi akainama, akaanza kunyata pembeni ya viti kuelekea mbele. Mpango wake ulikuwa rahisi: afike mezani, abadilishe kitambaa, arudi. Mpango huo ulikuwa na tundu moja, nalo ni kwamba alikuwa amebeba mtoto katikati ya wanawake ambao hawakuwa na mtoto wa kubeba.

"Jamani, huyu!" alinong'ona mama wa safu ya nyuma, na kabla Dobi hajapumua, Bosi alikuwa mikononi mwake. "Anaota meno, eti? Msugue chumvi, baba."

"Ha... hapana, mama. Asante."

Dobi alishtuka. Ilikuwa imetoka! Ndogo, yenye kutu, lakini ilikuwa yenyewe. Hakupata muda wa kuifurahia, maana Bosi alikuwa ameshavuka hadi safu ya pili.

"Mfunge shanga shingoni, awe anatafuna," alishauri aliyempokea.

"Hapana, mama. Zinaweza kumkaba."

"Kuna dawa ya kupaka, ufizi wote unakufa ganzi, halii tena," alisema wa safu ya mbele yake.

"Hapana, dada. Daktari amekataza."

Safu kwa safu mtoto alikwenda mbele, mkono kwa mkono, kama sahani ya biskuti, akitoa udenda kwa wote bila ubaguzi, na safu kwa safu baba yake alitambaa nyuma yake akisema hapana. Kila moja ilitoka na sauti kuliko iliyotangulia. Alipofika safu ya tatu kutoka mbele alikuwa anazitoa kabla hajaulizwa. Mama mmoja aliyetaka tu kumwambia kamba yake ya kiatu imefunguka alijibiwa hapana.

"Mtoto ni kioo cha nyumba yake!" alinguruma Mama Mkwe jukwaani. Lilikuwa jambo zito. Akanyoosha mkono mezani, akachukua kitambaa cha juu, akakipiga hewani, pa!, kikafunguka chote, akajifuta paji la uso polepole, kwa uchungu wa taifa zima.

Chura alikuwa amewaelekea wasikilizaji, mdomo wazi.

Kicheko cha kwanza kilitoka safu ya mbele, kikazibwa. Cha pili hakikuzibika. Mama Mkwe, ambaye alikuwa amezoea kuwagusa watu, alidhani ujumbe umefika. Akajifuta tena, sasa na shingo. Ukumbi ukavunjika. Watu walishikana mabega. Katibu aliweka kichwa juu ya meza, mgongo ukimtikisika.

Ndipo Bosi, aliyekuwa mapajani mwa mama wa safu ya mbele, alipokiona kitambaa chake. Alikitema kile cha lesi, akanyoosha mikono yote miwili, akatoa ukelele wa furaha ambao mapangaboi yenyewe yaliusikia. Mama Mkwe akatazama chini. Akamwona mjukuu wake. Akaona kitambaa chake cha lesi, kimelowa, na uzi mwekundu pembeni. Akakigeuza kile cha mkononi mwake. Akakutana na chura uso kwa uso.

"Mkwe," alisema kwenye kipaza sauti.

Dobi alijitokeza chini ya kiti, magoti yamejaa vumbi. "Naam, mama."

"Panda hapa. Na huyo mtoto."

Alipanda. Kinamama wakasogea ukingoni mwa viti; mkutano mkuu wa maana kama huo walikuwa hawajawahi kuuona. Mama Mkwe alimpokea Bosi, na Bosi akakamata kitambaa cha chura kwa mikono miwili, akaanza kukitafuna.

"Kinamama, mmeona," alisema Mama Mkwe. Hakuwa amekasirika, ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa anafundisha. "Huyu ni baba anayempa mtoto wake kitambaa cha mkwe wake atafune. Leo jioni ninaondoka na mjukuu wangu. Lakini kwanza niwaonyeshe mtoto anavyotulizwa." Akafungua chupa ya asali. Akachovya kidole. Kidole kikatoka kinang'aa, kikielekea kinywani kwa Bosi, na Bosi, msaliti mkubwa, akafungua mdomo.

"HAPANA, MAMA!"

Dobi alikuwa karibu mno na kipaza sauti. Hapana ile ilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, ikarudi, ikapita tena. Nje ya ukumbi mtu aliangusha baiskeli.

Kidole cha Mama Mkwe kilibaki hewani, asali ikidondoka.

"Umesema nini?"

Dobi aliutupia jicho mlango wa kutokea. Lakini kuna maneno ukishayatoa ndani hayakubali tena kurudi, kama paka.

"Nimesema hapana, mama. Asali hapana, daktari amekataza, hajafika mwaka, inaweza kumuua. Na kumchukua pia hapana. Hachukuliwi. Ni kweli tumechanganya vitambaa, nitavifua, nitavipiga pasi, nitakuomba radhi mpaka uchoke. Lakini mtoto analala kwetu."

"Mimi," alisema Mama Mkwe polepole, "nimelea watoto watano kwa asali na sukari."

"Ndiyo, mama. Na mmoja wao ni mke wangu, na tangu nimemwoa anatafuna upande mmoja."

Mungu wangu! Ukumbi wote ulivuta pumzi kwa pamoja. Dobi mwenyewe alifumba macho akangoja paa lianguke. Hata Bosi aliacha kutafuna.

Mama Mkwe alimtazama mkwewe kama anayetafuta pa kuweka alama ya mkasi kwenye daftari. Kisha kitu kikaanza kumtikisa tumboni, kikapanda kifuani, kikamfika kwenye mashavu.

"Alikuwa mwizi wa sukari yule!" alipasuka kwa kicheko. "Nilikuwa naficha bakuli juu ya kabati, anapanda! Tangu utotoni anapanda! Ndiyo maana leo yuko kwenye nguzo!"

Alicheka hadi akatafuta kitambaa cha kujifutia macho, akajifuta na chura, na kinamama wakacheka naye upya. Alipomaliza alimpungia mkono katibu. "Leta maji na sabuni. Ninawe hii asali." Akanawa vizuri, vidole vyote, mbele ya watu wote. "Haya, mkwe. Sema huyo daktari wako anasemaje."

"Kidole kisafi, mama. Taratibu tu. Chini, mbele."

Mama Mkwe aliingiza kidole. Alisugua. Akasimama ghafla, macho yamemtoka.

"Kuna kitu," alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye. "Kuna kitu kinakwaruza."

"Wapi?"

"Hapa! Ni kikali! Ni... ai! Ameniuma! AMENIUMA! KINAMAMA, JINO!"

Sijui nikueleze vipi. Viti vilianguka. Vigelegele vilipigwa na watu ambao nusu yao hawakumjua mtoto ni wa nani. Mama wa safu ya nyuma, yule wa chumvi, alikuwa anakumbatia nguzo. Kila mtu alitaka kuhakikisha kwa kidole chake mwenyewe, na Dobi, akiwa amepata ladha, alisimama mbele yao na mikono miwili juu akisema, "Hapana! Hamjanawa! Hapana! Safu ile irudi nyuma!" Hakuna aliyemchukia. Walirudi nyuma kama watoto wa shule. Bosi, juu ya bega la bibi yake, alitazama umati uliokusanyika kwa ajili ya punje nyeupe moja isiyoonekana hata kwa miwani, akaona ni heshima ya kawaida tu.

Katibu, aliyekuwa bado anajifuta machozi, akauliza kile ambacho kila mtu alitaka kukijua: "Sasa mwenyekiti, unamchukua au humchukui?"

Mama Mkwe alimbana Bosi kifuani. Aliutazama ule uso mdogo wenye udenda, na kwa kitambo uso wake mwenyewe ukawa wa bibi tu, mwenye nyumba kubwa yenye vyumba vitupu. Kisha akamnyoosha mtoto kwa baba yake.

"Mtu aliyenikatalia mimi, kwenye kipaza sauti, kwenye mkutano wangu," alisema, "huyu akiombwa pipi saa ya kulala hatababaika. Kaa naye."

Jioni ile, nyumbani kwao ghorofani, jino moja lilipigwa mswaki na watu wanne. Mama yake Bosi alitoka kazini akakuta Shangazi ameshika tochi, Mama Mkwe ameshika kichwa cha mtoto, na Dobi anapima dawa ya meno kwenye mswaki jicho moja amelifumba.

"Hiyo ni punje ya mchele au ya mahindi?" aliuliza Mama Mkwe.

"Ya mchele, mama."

"Mchele gani mnene hivyo?"

"Mama, shika kichwa."

Bosi aliung'ang'ania mswaki kwa ufizi na kwa jino lake, akagoma kuuachia, akanguruma. Ilibidi wasubiri wote wanne mpaka aliporidhika. Mke wake Dobi alicheka akiwa ameegemea mlango, mkono shavuni, upande ule ule asiotafunia, na alipoelezwa yaliyosemwa ukumbini alimrushia mumewe kofia ya kazi, kisha akaja kumbusu.

Mama Mkwe alichukua mkoba wake, akasimama mlangoni, akavaa tena ule uso wa ofisini.

"Basi. Kesho asubuhi na mapema nitapita kukagua huo mswaki."

"Hapana, mama," alisema Dobi. "Kesho tunalala mpaka mchana. Njoo Jumatatu."

Mama Mkwe alimgeukia binti yake.

"Umemfanya nini huyu?"

"Mimi? Si wewe uliyempa kipaza sauti?"

Akaondoka akinung'unika, ngazi moja baada ya nyingine, na walimsikia hadi chini akijiambia peke yake: Jumatatu, eti, Jumatatu! Kisha, mlango wa nje ulipofungwa, wakamsikia anacheka barabarani.